Magoti ya Bonde la Mpunga

Mkulima wa mpunga wa Kilombero huishi ameinama. Huinama kulima, huinama kung'oa miche kitaluni, huinama kuipandikiza kwenye jaruba lenye maji, huinama kupalilia, na mpunga ukiiva huinama tena, safari hii na mundu mkononi. Katikati ya kazi hizo kuna kipindi cha kuamia ndege, ambacho watu wa mjini hudhani ni mapumziko. Mwamiaji naye, kama hapigi kelele na kurusha mawe, amechuchumaa. Mbegu ya SARO 5, iliyoruhusiwa mwaka 2002, imewaongezea watu magunia, lakini inazaa vizuri zaidi ikipandikizwa kwa mistari, na mistari ni kazi ya kiuno na magoti. Ukielekea Kidatu, kwenye mashamba ya miwa, mkata miwa naye ana mgongo wake wa kusimulia.

Ndiyo maana bondeni, kutoka Mang'ula mpaka Mlimba, magoti si habari ya wazee peke yao. Mama wa miaka 45 aliyezaa, akabeba ndoo za maji na kupandikiza tangu akiwa msichana, atakuambia kwamba ute wa magoti umekwisha. Ataongeza kwamba ameshajaribu kila kitu, na katika kila kitu hicho siku hizi zimo dawa za Kihindi: mafuta kwenye chupa ya kahawia, vidonge vyeusi, unga kwenye kopo lenye picha ya jani. Swali linalokuja baada ya hapo ni lile lile: dawa hizi za Ayurveda zinatibu viungo, au tunaliwa hela?

Nitajibu mapema ili msomaji mwenye haraka asinilaumu. Sehemu kubwa ya kile kilicho kizuri katika Ayurveda kwa mtu mwenye viungo vibovu tayari ipo Kilombero, kwa bei ya sokoni. Kile kinachouzwa ghali kwenye makopo ndicho cha kuangaliwa kwa macho mawili. Na kabla ya kugusa kimoja au kingine, mtu ajue kwanza anaumwa nini, kwa sababu maumivu ya viungo ni jina moja la magonjwa mengi.

Ifakara, mji wa bonde hili, unajulikana duniani kwa malaria. Mwaka 1957 Rudolf Geigy, mtaalamu wa wanyama kutoka Basel nchini Uswisi, alianzisha hapo maabara ya kuchunguza magonjwa ya nchi za joto. Maabara ile ndiyo iliyokua hadi kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Mbu wa bonde hili wamehesabiwa, wamefugwa na kuandikiwa makala nyingi kuliko wakazi wake. Magoti hayajapata bahati hiyo. Lakini hata hapo kuna uzi unaopita. Geigy alitoka katika ukoo wa wenye viwanda, na kampuni yenye jina la ukoo huo ilitoa dawa ya viungo ya fenilibutazoni mwaka 1949. Ilipoungana na Ciba mwaka 1970 ikawa Ciba-Geigy, na hiyo ndiyo iliyoleta diklofenaki sokoni. Leo sidhani kama kuna duka la dawa muhimu bondeni lisilouza diklofenaki. Mkulima anainunua kama anavyonunua chumvi, wakati mwingine vidonge vinne vinne vilivyokatwa na mkasi kutoka kwenye karatasi yake, bila maelezo.

Diklofenaki ni dawa nzuri inayotumiwa vibaya. Inatuliza, haiponyi. Mtu akiimeza wiki moja wakati wa mavuno, kwa kawaida hakuna neno. Akiimeza miezi sita, tena kabla ya kula, tumbo linaweza kutoboka, shinikizo la damu likapanda na figo zikachoka. Wengi wanaohamia kwenye Ayurveda hawaifuati kwa sababu ya falsafa yake. Wanakimbia vidonda vya tumbo.

Mazungumzo ya zahanati, kama mhudumu hana haraka, huenda hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Miguu inaniua."

"Pole bibi. Ni miguu yote au magoti?"

"Magoti. Hasa hili la kulia, likipanda ngazi linalia."

"Ukiamka asubuhi huwa yamekaza?"

"Yanakaza. Nikishachemsha chai yamelegea."

Jibu la mwisho lina thamani kuliko picha ya eksirei. Goti lililosagika hukaza asubuhi kwa dakika chache, chini ya nusu saa, kisha hulegea. Linauma zaidi likitumika, linapoa likipumzishwa, na likikunjwa unasikia mchakato ndani. Hapa gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, umelika. Bibi huyu hana ugonjwa wa damu wala hajarogwa. Ana goti lililofanya kazi.

Sasa chukua bibi mwingine, au binti wa miaka 35, anayejibu hivi: "Nikiamka siwezi kushika kikombe mpaka jua liwe limepanda." Huyu vidole vyake vya mikono yote miwili vimevimba kwenye vifundo, kushoto kama kulia. Mhudumu anayejua kazi yake atamshika kiganja kwa upole na kuviminya vifundo vya vidole kutoka pembeni, kama anayempa mkono wa salamu. Mgonjwa akiruka kwa maumivu, uwezekano wa baridi yabisi ni mkubwa. Huo ni ugonjwa wa kinga ya mwili kugeuka na kushambulia viungo vyenyewe, na huwapata wanawake zaidi. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye nafasi kubwa ya kuuzuia. Ukiachwa, unakula mfupa na kupinda vidole, na vidole vikishapinda hakuna mafuta wala kidonge kitakachovinyoosha.

Yapo na mengine. Jongo humshika mwanamume usiku, kwenye kidole gumba cha mguu, ghafla, kidole kikawa chekundu hata shuka halivumiliki, na mara nyingi siku ile kulikuwa na nyama na pombe. Wafugaji walioingia bondeni na ng'ombe wao, na majirani wanaonunua maziwa kwao, wanaweza kupata homa ya brusela kutoka kwenye maziwa yasiyochemshwa. Hiyo huja na homa za kupanda na kushuka, jasho la usiku, na maumivu ya kiuno na viungo. Mtoto mwenye selimundu hulia viungo. Kifua kikuu kinaweza kukaa kwenye uti wa mgongo au nyonga. Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto na mtu ana homa, hapo hakuna kuchua wala kusubiri kesho: ni usaha ndani ya kiungo mpaka ithibitike vinginevyo, na safari ni ya hospitali siku hiyo hiyo.

Kuna pia ugonjwa uliotoka kwetu ukaenda India na kuwapelekea wagonjwa matabibu wa Ayurveda. Mwaka 1952 homa ya ajabu ilizuka upande wa Newala, kwenye uwanda wa Wamakonde. Watu walipinda kwa maumivu ya viungo. Marion Robinson na W.H.R. Lumsden waliieleza katika machapisho ya mwaka 1955, na Kimakonde kikaipa dunia jina la chikungunya.  Kisha mwaka 2004 ikazuka Lamu, ambako takribani watu watatu katika kila wanne waliambukizwa. Ikapita Mombasa, Komoro na Réunion, na kufikia 2006 India ilikuwa imehesabu zaidi ya watu milioni 1.3 walioshukiwa kuugua. Homa yenyewe huisha ndani ya siku kadhaa, lakini kwa baadhi ya watu viungo huuma miezi, hata mwaka na zaidi. Hao ndio waliojipanga kwa matabibu wa asili huko India. Karibu nasi, watafiti waliopima watoto wenye homa wilayani Kilosa walikuta dalili za chikungunya damuni mwa baadhi yao. Kwa hiyo mtu wa Kilombero aliyepata homa kali, akapimwa malaria isionekane, kisha akabaki na viungo vinavyouma, asikimbilie kusema amesagika. Huenda anasubiri tu virusi vimalize hasira yake.

Matabibu wa kale wa India nao walijua kwamba viungo vinavyouma si ugonjwa mmoja, na hapa nawavulia kofia. Katika kitabu cha utambuzi wa magonjwa cha Madhava, cha karne ya 7 au ya 8, kuna ugonjwa wa viungo unaotajwa peke yake, amavata. Unaanzia tumboni, kwa chakula kisichosagika vizuri kuacha uchafu mwilini, uchafu huo ukabebwa na kukaa viungoni. Viungo huvimba, mwili huwa mzito, homa hupanda, hamu ya kula hupotea. Madaktari wa leo wakisoma maelezo hayo wanaona sura ya baridi yabisi. Pembeni yake upo ugonjwa mwingine wa viungo kukauka na kulia vikikunjwa, ambao Ayurveda inausema ni wa "vata", nguvu ya baridi na ukavu inayozidi mwili unavyozeeka. Hilo ni goti la yule bibi wa chai. Na upo wa tatu, unaoanzia mara nyingi mguuni kwa watu wa kula na kunywa vizuri, jongo lenyewe.

Sisemi kwamba nadharia ya "vata" ni sahihi. Hakuna aliyeiona kwenye darubini. Ninachosema ni kwamba tabibu wa kweli wa Ayurveda anaanza kwa kuuliza, kushika mwili na kutenganisha. Muuzaji mwenye spika stendi, anayetangaza unga mmoja kwa magoti, kiuno, nguvu za kiume na sukari, hafuati Ayurveda wala hafuati kitu kingine chochote isipokuwa mfuko wako.

Ukitazama matibabu yenyewe, utashangaa jinsi yanavyofanana na ya nyumbani. Mgonjwa huchuliwa kwa mafuta, hufukizwa kwa mvuke wa majani, hupewa dawa ya kuendesha tumbo, hulishwa chakula chepesi cha moto, na kuna viungo vya jikoni kama tangawizi na manjano. Mtanzania yeyote aliyejifukiza mwaka 2020, na nchi nzima ilikuwa chini ya blanketi, anajua nusu ya hayo. Mafuta mengi ya kuchulia ya Ayurveda yanatengenezwa kwa mafuta ya ufuta, na ufuta unalimwa ng'ambo ya mto, Ulanga. Mwarobaini unaotupa kivuli kwenye nyua za Ifakara ulitoka upande wa India, mlonge vivyo hivyo.

Nyonyo ilisafiri kinyume. Mmea huo wengine wanauita mbarika, na asili yake ni Afrika Mashariki. Umeota wenyewe kwenye majalala na kando ya njia, wala hakuna anayeuhesabu kuwa mali. Lakini ulipofika India, zamani sana, Ayurveda iliupa heshima kubwa katika tiba ya amavata, mizizi yake ikichemshwa na mafuta yake yakinywewa kwa kipimo. Leo mafuta hayo yanarudi kwetu kwenye chupa yenye maandishi ya Kihindi, yakiuzwa kwa bei ya kitu kilichotoka mbali.

Yanavyokamuliwa kijijini ni hivi. Mbegu huanikwa zikakauka, zikamenywa, zikakaangwa kidogo kwenye chungu, kisha zikatwangwa mpaka zishikamane na mchi. Uji huo mzito hutiwa kwenye sufuria ya maji na kuchemshwa muda mrefu kwa moto wa wastani. Mafuta hupanda juu, mazito, ya rangi ya asali iliyofifia, yakaenguliwa kwa upawa na kurudishwa motoni peke yake mpaka yaache kupiga mlio, dalili kwamba maji yamekwisha. Kuchemsha huko si urembo. Mbegu ya nyonyo ina sumu kali, rishini, na moto ndio unaoiua. Mtoto akitafuna mbegu mbichi, ni mbio za hospitali. Pia mtu asije akaichanganya na mbono kaburi, ule wa kwenye mipaka ya viwanja. Huo ni mmea mwingine, wenye sumu yake.

Je, nyonyo inasaidia? Mwaka 2009 watafiti wa Chandigarh, India, walichapisha matokeo ya kulinganisha. Wagonjwa 50 wa magoti walipewa kapsuli ndogo za mafuta ya nyonyo mara tatu kwa siku, wengine 50 wakapewa diklofenaki, kwa wiki nne. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Inatia moyo. Lakini wiki nne ni chache, na hapakuwa na kundi la tatu lililopewa kitu kisicho dawa.

Kundi hilo la tatu ndilo linalotenganisha dawa na matumaini, na wakazi wa Kilombero hawahitaji kwenda ng'ambo kulielewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kijiji cha Idete, si mbali na Ifakara, kilikuwa mahali pa kwanza Afrika pa kujaribia chanjo ya malaria ya SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia. Watoto 586 wa mwaka mmoja hadi mitano waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walichomwa chanjo, wengine sindano isiyo na chanjo, na wala mzazi wala mchomaji hakujua nani kapata nini. Matokeo yalitoka 1994: chanjo ilipunguza malaria kwa asilimia 31. Watu walifurahi. Kisha ikajaribiwa Gambia na Thailand, na huko haikuonyesha kinga yoyote ya maana. Chanjo ikawekwa kando. Bila ile sindano tupu, na bila kurudia kwingine, dunia ingeweza kuendelea kuchoma watoto kitu kisichofanya kazi. Dawa ya goti ipimwe hivyo hivyo, na kwa goti ni muhimu zaidi, kwa kuwa maumivu ya kusagika hupanda na kushuka yenyewe. Mtu huenda kwa tabibu siku yamepanda. Yakishuka wiki inayofuata, sifa zinakwenda kwenye kopo.

Ayurveda imeanza kupita kwenye kipimo hicho, na matokeo si ya kudharau. Nchini India, Arvind Chopra na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 440 wa magoti kwa wiki 24. Mchanganyiko wa Ayurveda ulifanya kazi sawa na selekoksibu, dawa ya hospitali ya kundi moja na diklofenaki. Humo humo, baadhi ya waliotumia Ayurveda vipimo vyao vya ini vilipanda bila wao kuhisi kitu. Berlin, mwaka 2018, watafiti walichapisha matokeo ya wagonjwa 151. Waliopata Ayurveda nzima, yaani kuchuliwa, chakula, mazoezi na mitishamba, walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Ila walijua wanapata nini, na walishikwa na kusikilizwa kwa saa nyingi. Nani asingepona kidogo? Huko Thailand wagonjwa 367 walipimwa kwa wiki nne, na kiini cha manjano kikaenda sambamba na ibuprofeni huku kikisumbua tumbo kidogo kuliko ibuprofeni. Angalizo: kile kilikuwa kiini kilichochujwa. Manjano ya jikoni yana karibu sehemu tatu tu kwa mia za kiambato kinachofanya kazi, hivyo kijiko kwenye wali ni kitamu, lakini si kipimo cha dawa.

Kwa baridi yabisi halisi jaribio lililo makini ni dogo. Coimbatore, kusini mwa India, wagonjwa 43 waligawanywa makundi matatu: methotreksati, ambayo ndiyo dawa kuu ya hospitali, Ayurveda ya asili, na vyote viwili pamoja. Baada ya wiki 36 makundi yalikaribiana. Watetezi wa Ayurveda hulinukuu jaribio hili kila mahali. Watu 43 hawatoshi kusema dawa mbili ni sawa; wanatosha kusema jaribio kubwa lifanyike. Mpaka hapo, binti wa vidole vilivyovimba akinijia, namwelekeza hospitali kwanza.

Hatari ipo kwenye makopo, na ina sura tatu. Ya kwanza ni madini. Tawi moja la Ayurveda hutumia kwa makusudi zebaki, risasi na aseniki zilizochomwa na kusagwa, likiamini uchomaji unaziondolea sumu. Watafiti walionunua dawa 70 za Ayurveda madukani Boston, Marekani, walieleza mwaka 2004 kwamba 14 zilikuwa na madini hayo. Katika utafiti mwingine wa dawa 193 zilizouzwa kwenye intaneti, uliochapishwa mwaka 2008, takribani moja katika tano zilikuwa nayo. Risasi hukaa mifupani miaka, hushusha damu, huumiza tumbo, na kwa mjamzito humfikia mtoto.

Ya pili ni ini. Mumbai, mwaka 2020, watu waliokuwa wakinywa guduchi ili wajikinge na Uviko walianza kulazwa kwa homa ya ini, na mmea huo huo umo katika dawa nyingi za viungo.

Ya tatu ndiyo ninayoihofia zaidi kwetu: unga wa "mitishamba" uliochanganywa kisirisiri na dawa za hospitali. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu Artri King, kidonge cha viungo kilichouzwa kama virutubisho, baada ya maabara kukuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa popote. Deksamethasoni na ndugu yake prednisoloni ni steroidi. Mtu aliyekuwa anatambaa huamka siku ya pili anatembea. Hula vizuri. Uso hujaa, na majirani humwambia amependeza, mji umemkubali. Huku ndani sukari inapanda, mifupa inalainika, na tezi zinazotengeneza kemikali hiyo mwilini zimelala. Akiacha ghafla kwa sababu hela imekwisha, anaweza kuzimia na hata kufa. Kwa hiyo nafuu ya haraka kupita kiasi kutoka kwenye kopo lisilo na jina la mtengenezaji ni sababu ya kwenda kupima. Na aliyeitumia kwa wiki nyingi asiitupe siku hiyo hiyo. Aende nayo hospitali apunguziwe taratibu.

Sheria ipo. Tangu 2002 Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, na baraza linalosajili waganga, vituo na dawa. Kumuuliza tabibu cheti chake si kumkosea adabu.

Nini basi cha kufanya na goti lililosagika? Kwanza misuli ya paja, kwa sababu ndiyo inayolibeba. Kaa kwenye kiti cha kawaida, si kigoda, nyoosha mguu mmoja mbele mpaka uwe sawa, hesabu mpaka kumi, shusha. Badilisha. Fanya hivyo asubuhi na jioni, kila siku, kwa miezi, na usikate tamaa wiki ya pili kwa sababu wiki ya pili huwa haionyeshi kitu. Kwa mnene, kila kilo moja inayopungua huliondolea goti mzigo wa takribani kilo nne katika kila hatua, na hesabu hiyo inaishinda dawa yoyote iliyotajwa hapa. Baiskeli ni rafiki, na Ifakara ni mji tambarare wa baiskeli. Pandisha kiti chake ili goti lisikunjwe sana. Chooni, weka kiti kilichotobolewa katikati. Shambani, gawa kazi: usipandikize siku nzima kisha ulale siku tatu, pandikiza nusu siku.

Kuchua, ndiyo. Pasha mafuta ya ufuta au nyonyo yawe vuguvugu, chua kutoka juu ya goti kushuka pande zote mbili kwa robo saa, kisha kanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Kama mafuta yenyewe yanapenya mpaka ndani ya kiungo, hilo nalitilia shaka. Mkono na joto vinatosha kueleza nafuu. Usichue kiungo chekundu chenye moto. Mafuta ya nyonyo ya kunywa yaache kabisa ukiwa mjamzito, kwani yanaweza kuanzisha uchungu. Tangawizi kwenye chai haina ubaya, ila anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kabla ya kuzidisha.

Mwenye baridi yabisi ana njia nyingine, na mara nyingi inaanzia hospitali kama ya Mtakatifu Fransisko pale Ifakara, kwa rufaa ya mbele ikihitajika, maana mabingwa wa viungo nchini ni wachache mno. Huenda akaanzishiwa haidroksiklorokwini, ndugu wa ile klorokwini tuliyoiacha kwenye malaria mwaka 2001, au methotreksati. Hii ya pili humezwa mara moja kwa wiki. Achague siku, Jumapili au Ijumaa, aiandike kwenye kalenda ya ukutani na watu wa nyumbani waijue, kwa sababu wapo waliokufa kwa kuimeza kila siku. Haitumiwi na mjamzito wala anayetafuta mimba. Inataka damu ipimwe mara kwa mara kuangalia ini, na ini hilo hilo ndilo linalochuja unga wa kopo. Anayetaka kuendelea na vyote viwili asifiche. Siku ya kupima aende na kopo, chupa na karatasi ya vidonge, avipange mezani mbele ya daktari, hata kama vingine alinunua stendi.